Kumpata Malenga Wako, Kisha Kumjibu

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu na mwaka 1840 bila kuacha kitabu. Alichoacha kilikuwa vinywani mwa watu: mashairi ya vita na watawala, ya njaa, ya mapenzi, ya ugomvi wa mtaani, ya mume na mke wasioelewana. Watu wa Mombasa waliyahifadhi kwa sababu waliyapenda. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza, William Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kama diwani. Karne nzima Muyaka aliishi kwa wapenzi wake tu.

Kwa wengi waliopita darasa la fasihi, shairi lilikuja limefungamana na maswali yake. Taja bahari. Eleza muundo. Toa mifano miwili ya inkisari. Maswali hayo yana kazi yake, lakini hakuna aliyewahi kumpenda malenga kwa sababu ya mtihani.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kusikia ubeti ukamganda moyoni, akatamani kujua umetoka wapi, na pengine akatamani kutunga wa kwake. Njia inayopendekezwa hapa ni ya kwetu na ni ya zamani: mchague malenga mmoja, kaa na tungo zake mpaka uzizoee, kisha mjibu. Muyaka mwenyewe alijibizana na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa na uhasama, mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, likawa uwanja wa watunzi kuulizana na kujibizana. Katika utamaduni huu, msomaji mzuri anatarajiwa kufungua kinywa.

Kwa nini mmoja kwanza

Anayesoma diwani kumi juu juu hubaki na majina. Anayekaa na moja kwa miezi kadhaa huanza kusikia mambo ambayo mwalimu hawezi kumwonyesha ubaoni: jinsi mtunzi anavyoanza kwa kumwita mtu, anavyoificha hoja hadi mshororo wa mwisho, maneno anayoyapenda na yale anayoyakwepa kabisa. Sikio likizoea, kalamu hufuata.

Abdilatif Abdalla ni mfano mzuri. Alizaliwa Mombasa ndani ya ukoo wa watunzi. Ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita*. Mwaka 1969 Abdilatif alifungwa kwa sababu ya waraka wake wa *Kenya: Twendapi?*, akakaa gerezani hadi 1972. Hakuruhusiwa karatasi ya kuandikia. Aliandika kwenye karatasi za chooni, na tungo hizo zikawa *Sauti ya Dhiki* (1973), kitabu kilichopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Vitabu hakuwa navyo mle ndani, lakini mizani na vina aliingia navyo kichwani.

Wala usidhani kwamba lazima uwe msomi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni. Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021) alikuwa mvuvi na baharia, na tungo zake zilianzia kwenye ngoma na nyimbo kabla hazijakusanywa katika *Kimbunga* (1994). Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake.

Hatua za kumtafuta

1. *Anza na kilichokwisha kukugusa.* Huenda ni ubeti uliousikia harusini, msibani, redioni au kwenye taarabu. Uliza ni wa nani. Mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mzee aliyekuwa akipeleka mashairi gazetini, bibi anayejua kaswida: hawa mara nyingi hujua jina ambalo simu yako haitakupa.

2. *Litafute jina maktabani na kwa wauza vitabu vya mitumba.* Diwani nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hazipatikani tena madukani, lakini bado zimo katika maktaba za mikoa na kaunti, na kwenye meza za barabarani zikiwa zimechanika majalada. Usizidharau kwa uchakavu wake.

3. *Fungua katikati, soma mashairi matatu kwa sauti.* Utangulizi utausoma baadaye. Kama hakuna hata moja lililokufanya urudie mshororo, rudisha kitabu bila kujilaumu. Malenga mkubwa anaweza asiwe wako.

4. *Ukimpata, soma diwani yote.* Mashairi yanayotiwa katika vitabu vya shule huchaguliwa kwa sababu yanafundishika. Mtunzi halisi, pamoja na hasira zake, utani wake na siku zake mbaya, yumo katika yale yaliyoachwa.

5. *Jua aliishi wapi na lini.* Shairi la gerezani likisomwa bila kujua kwamba ni la gerezani hupoteza nusu ya uzito wake.

*Onyo kuhusu lahaja.* Muyaka, Ahmad Nassir na Abdilatif wanaandika Kimvita. Mwana Kupona ni wa Kiamu. Msomaji wa bara anaweza kukutana na "ndia" badala ya njia, au "mato" badala ya macho, akadhani kitabu kimekosewa. Tafuta toleo lenye maelezo ya maneno magumu, uweke kamusi karibu, na kwa usomaji wa kwanza usisimame kila neno. Maana ya jumla ikishaingia, rudi.

KISANDUKU: Ukipenda hiki, jaribu huyu

- Utani, ugomvi na maisha ya mjini: Muyaka bin Haji.
- Nasaha ya mzazi kwa mtoto, na utendi mfupi wa beti zipatazo mia: Mwana Kupona.
- Kiswahili kilichonyooka na mawazo ya maadili: Shaaban Robert. *Pambo la Lugha* ni mlango mwema.
- Msimamo usiotetereka: Abdilatif Abdalla.
- Bahari na visiwa: Haji Gora Haji.
- Maswali magumu kwa lugha ya kila siku, bila vina: Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, katika *Kichomi* (1974).
- Maisha ya ugenini: Mohammed Ghassani wa Pemba, ambaye *N'na Kwetu* yake ilishinda tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015.

Kusoma kwa masikio

Ushairi wa Kiswahili umekaa kwenye ghani muda mrefu kuliko ulivyokaa kwenye karatasi. Kwa hiyo, atakayesoma kimya atakosa kitu.

Chagua shairi moja la malenga wako. Siku ya kwanza lisome kwa sauti ya kawaida, taratibu, ukitua katikati ya mshororo na mwishoni. Siku ya pili lighani: tafuta mahadhi yoyote unayoyajua, hata ya wimbo wa shule, uyapakie maneno. Siku ya tatu linakili kwa mkono, neno kwa neno. Hapa usiruke. Mkono ukinakili utashtuka mahali ambapo jicho lilipita tu: mbona hapa kaandika "nambie" na si "niambie"? Mbona neno limepinduliwa likatangulia kitenzi? Andika maswali hayo pembeni mwa daftari. Siku ya nne jaribu kulisema bila kutazama.

Fanya hivyo kwa mashairi manne au matano, yote ya mtunzi mmoja. Usitunge chochote bado, hata kama mkono unawasha. Kama unawasha sana, andika wazo lako kwa maneno ya kawaida na uliache hapo.

KISANDUKU: Kuhesabu mizani

Mizani ni hesabu ya silabi. Shairi la kawaida la beti za mishororo minne, yaani tarbia, huwa na mizani 16 kila mshororo: nane upande wa kwanza (ukwapi) na nane upande wa pili (utao). Kila upande una kina chake. Utenzi una mishororo mifupi ya mizani nane. Mitatu ya kwanza hufanana kina, na wa nne hubeba kina kinachorudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Wanaoanza hukosea hesabu mahali palepale:

- *M* au *n* inayosimama peke yake ni mizani kamili: m-tu (2), n-chi (2), m-to-to (3).
- Ikiungana na silabi inayofuata, haihesabiwi: nde-ge (2), ng'o-mbe (2), mwa-li-mu (3).
- Irabu mbili ni mizani mbili: ka-a (2), ndo-o (2), mba-a-zi (3).

Ukiwa na shaka, piga vidole mezani huku ukitamka. Pale kidole kinapogonga ndipo penye mizani.

Anayetaka sheria zote zikiwa pamoja atazipata kwa K. Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* (1954). Ni kitabu cha mtu aliyeujua ushairi kwa kuutunga. Miaka michache baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam.

Kutoka kusoma hadi kutunga

Sasa kalamu ifunguliwe. Yako mazoezi matatu, na yafanywe kwa mpangilio huu.

*La kwanza: badilisha utao.* Chukua ubeti mmoja wa malenga wako. Acha ukwapi wake kama ulivyo, ufute upande wa pili wa kila mshororo, kisha uujaze kwa maneno yako ya mizani nane yenye kina kilekile. Utagundua haraka jinsi maneno yanavyokwisha.

*La pili: takhmisa.* Kutakhamisi ni kuchukua mishororo ya mtu mwingine na kuiongezea yako mpaka ubeti ufikie mishororo mitano. Takhmisa maarufu kabisa ya Kiswahili ilitungwa hivyo: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyachukua maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, akayaongezea ya kwake. Nawe weka mishororo miwili ya malenga wako chini, utunge mitatu ya kutangulia juu yake. Mitatu hiyo lazima ielekee pale anaposimama yeye. Zoezi hili linafunza unyenyekevu na linafunza mantiki, kwa sababu huwezi kufika kwenye maneno ya mtu bila kuyaelewa.

*La tatu: jibu.* Hili ndilo daraja. Tafuta shairi la malenga wako ambalo unakubaliana nalo nusu tu. Labda anawaasa vijana, nawe ni kijana mwenye neno. Labda anausifu mji ambao leo umebadilika. Mjibu kwa idadi ileile ya beti na, ukiweza, kwa vina vilevile. Hapo hutahangaika kutafuta cha kuandika. Yeye ameshakupa mada, nawe una la kusema. Watu wengi husubiri ilhamu iwashukie wakiwa mbele ya karatasi tupu. Kwenye malumbano karatasi haiwi tupu.

Ubeti mmoja mezani

Tuseme mtu anataka kutunga kuhusu mtaa ambao maji yamekatika. Rasimu yake ya kwanza inaanza hivi:

Ndoo tupu ziko foleni, bomba kavu limegoma

Vidole vinagonga: ndo-o-tu-pu-zi-ko-fo-le-ni. Ni tisa. Utao uko sawa: bo-mba-ka-vu-li-me-go-ma, nane. Mizani moja imezidi upande wa kwanza. Anayeanza angeweza kuitupa "tupu", lakini hilo ndilo neno lenye uchungu. Afadhali "ziko" ifupishwe iwe "zi", kama watunzi wafanyavyo siku zote. Anaendelea, na kwenye mshororo wa mwisho anaandika "Jirani niambie lini", tena tisa. "Niambie" inakuwa "nambie". Ubeti unasimama hivi:

Ndoo tupu zi foleni, bomba kavu limegoma
Tangu fajiri njiani, hadi jua kusimama
Tone halimo ndooni, na watoto wanahema
Jirani, nambie lini, bomba hili litatema?

Mambo mawili yatazamwe hapa. Kwanza, kina cha kati ni "ni" na cha mwisho ni "ma" kwenye mishororo yote minne, na hakuna neno lililoingizwa kwa ajili ya kina tu. Pili, ubeti haulaumu mtu wala hauhubiri. Unaonyesha ndoo, jua na watoto, kisha unauliza. Swali la mwisho limeacha mlango wazi kwa mwingine kujibu.

Ufupisho kama huo, inkisari, una kipimo chake: msikilizaji alielewe neno mara moja. Ikibidi umweleze, umekata pasipokatika. Hali kadhalika mazida, yaani kurefusha neno ili mizani itimie. Mara moja katika shairi inavumilika. Kila ubeti, msikilizaji ataanza kukuhurumia.

Na mashairi huru?

Katika miaka ya 1970 suala hili liliwagawa watu kwelikweli. *Kichomi* ya Kezilahabi na *Malenga wa Bara* ya Mulokozi na Kahigi (1976) zilileta tungo zisizofuata vina na mizani ya jadi, na watetezi wa kanuni wakasema hayo si mashairi. Leo yote yanasomwa na kufundishwa, na msomaji yuko huru kupenda upande wowote.

Kwa anayejifunza kutunga, hata hivyo, ushauri uko wazi: jifunze kuhesabu kwanza, hata kama malenga wako ni Kezilahabi. Katika shairi huru kila mshororo unakatika mahali kwa uamuzi wa mtunzi, na uamuzi huo unahitaji sikio lililofunzwa. Mkato wa mshororo usiokuwa na sababu ni sentensi iliyovunjika. Chukua shairi huru unalolipenda, liandike upya kama aya ya kawaida, uone kilichopotea. Kilichopotea ndicho alichokifanya mshairi.

Makosa yanayorudiwa

*Kuanza na mawaidha.* Ubeti wa kwanza wa wanaoanza wengi ni salamu, wa pili ni dua, wa tatu unaonya vijana. Shairi la nasaha ni la heshima katika lugha hii, lakini Mwana Kupona alikuwa akimwambia binti yake, mtu mmoja aliyempenda. Kabla ya kuasa, jua unamwambia nani.

*Kukopa ukale usioujua.* Maneno ya zamani yana uzito pale anapoyatumia mtu aliyekulia nayo au aliyeyasoma sana. Kijana wa Dodoma au Nakuru anayejaza Kiamu asichokisema atasikika kama amevaa kanzu ya mtu mwingine. Kiswahili chako cha kila siku kina vina vya kutosha.

*Kuongozwa na kina.* Dalili yake: umeandika "moyoni" ukaongeza "baharini" ingawa shairi halihusu bahari. Tibu kwa kuorodhesha maneno kumi na tano ya kina hicho kabla ya kuanza, uchague yanayohusu mada. Kama hayafiki matano, badilisha kina mapema.

*Kuonyesha kila mtu siku ileile.* Liache shairi wiki moja. Ukilirudia, mshororo mbovu utauona mwenyewe.

*Kuficha chanzo.* Hili ni zito kuliko yote. Mazoezi ya utao na takhmisa ni ya daftari lako. Ukitaka kuyatoa hadharani, taja mwenye mishororo, na kama kazi yake bado inalindwa na hakimiliki, omba ruhusa.

KISANDUKU: Kabla ya kulipeleka

☐ Nimehesabu mizani ya kila upande kwa kidole, si kwa macho.
☐ Vina vya kati na vya mwisho havijayumba, au vimeyumba kwa makusudi.
☐ Nimelighani mbele ya mtu mmoja asiyeogopa kunikosoa.
☐ Kila inkisari inaeleweka bila maelezo.
☐ Naweza kusema kwa sentensi moja shairi linahusu nini.
☐ Jina langu, mahali na tarehe vimo chini ya shairi.
☐ Nimebaki na nakala.

Pa kulipeleka

Pa kwanza ni karibu: kikundi cha ushairi cha shule au chuo, baraza la mtaa, kipindi cha redio kinachopokea tungo za wasikilizaji. *Taifa Leo* la Kenya limechapa mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi. Sikiliza au soma matoleo kadhaa kabla ya kupeleka, ujue wanapenda urefu gani.

Mwenye mashairi ya kutosha kufanya diwani ana milango miwili mikubwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina uwanja wa ushairi, na washindi hutangazwa mwezi Aprili. Tuzo ya Safal-Cornell, ambayo ndiyo ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya diwani pamoja na riwaya. Masharti ya urefu wa muswada, uraia na tarehe za mwisho hutangazwa upya kila mara, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika na usitegemee la mwaka jana.

Kama malenga wako yuko hai, mtumie jibu lako kupitia mchapishaji wake, ukiandika bayana ni shairi lake lipi unalolijibu.